Chupa Iliyokaa Juani

Habari ya kifo chake ilinikuta kwa fundi viatu, mguu mmoja umevaa kiatu na mwingine uko ndani ya soksi ukisubiri kisigino kipya. Aliyepiga simu ni mdogo wake, kutoka Nachingwea, na hakuzunguka: "Kaka, mzee ametutoka alfajiri. Presha. Tunazika leo leo baada ya adhuhuri." Nikasema yale yanayosemwa, innalillahi, poleni sana, nikakata simu. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa sura yake wala sauti yake. Kilikuwa swali alilokuwa akiniuliza kila tulipoonana, miaka yote hii, kabla hata hajaniuliza habari za nyumbani: "Ile ya pili umeandika?" Nilishamjibu "bado" mara nyingi mpaka akawa anacheka kabla sijafungua mdomo. Sasa muulizaji hayupo, na swali limebaki na mimi. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii haina desturi ya kulia. Kazi yangu hapa ni kugombeza barabara mbovu, vigogo na wenye mabasi. Leo wa kugombezwa ni mimi, na naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Nilimfahamu miaka ya tisini. Yeye alikuwa mtu wa pampu kwenye kituo cha mafuta pale Nachingwea, mimi nikiwa mwandishi wa kujitegemea ninayezunguka wilaya za kusini kutafuta habari. Madereva walimwita Bwana Pua. Wakati ule upande wetu hapakuwa na kipimo chochote cha mafuta, kwa hiyo kipimo kilikuwa yeye. Alidondosha petroli kiganjani, akasubiri kidogo, akasugua, akanusa. Petroli safi, alinifundisha, hukimbia kiganjani na kuacha ubaridi, lakini ikichanganywa na mafuta ya taa huacha utelezi, kama mkono uliotoka kushika maandazi. Siku moja gari la mafuta lilishusha mzigo wakati mji umekaa siku kadhaa bila petroli, na foleni ilikuwa imefika barabarani. Mbele kabisa lilikuwa gari la hospitali. Bwana Pua akapima, akanusa mara mbili, akaitia pampu kufuli na kukaa juu ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Mwenye kituo akatoka ofisini akifoka.

"Umefunga kwa amri ya nani?"

"Ya mkono huu, bosi. Mzigo una mafuta ya taa."

"Nitakufukuza kazi leo hii, watu wote wanaona!"

"Nifukuze. Lakini nusa kwanza."

Bosi alinusa, akarudi ndani kupiga simu. Ilikuja kujulikana kwamba tangi la lile gari lilibeba mafuta ya taa safari iliyotangulia na halikukaushwa. Kuanzia siku hiyo, Bwana Pua akisema mafuta mazima, watu wanajaza, na akitikisa kichwa wanageuza magari. Nami nilimpenda kwa sababu hiyo. Alikuwa mkaidi, mwenye maneno machache, na alichukia sana kuonekana mwongo.

Mwishoni mwa miaka ya elfu mbili, uchakachuaji ulikuwa umeota mizizi. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, na wenye tamaa walichanganya bila aibu, injini zikawa zinakufa kila kona. Ndipo vikaja vinasaba. Kwa wasiojua, ni dawa fulani inayotiwa kidogo sana kwenye mafuta halali kabla hayajasambazwa. Huioni kwa macho, huisikii kwa pua. Lakini ukiyaweka mafuta hayo kwenye kichupa cha kioo ndani ya mashine na kuyamulika kwa mwanga wa aina yake, ile dawa hujibu kwa kung'aa, na mashine inasoma imeng'aa kwa nguvu kiasi gani. Mtu akiongeza mafuta ya taa, mng'ao unapungua, kama vile chumvi inavyopungua ladha ukizidisha maji kwenye mchuzi. Namba ikishuka chini ya mstari uliowekwa, umekamatwa. Bwana Pua akachukuliwa kwenye mradi wa serikali wa kupima vinasaba, akapelekwa mafunzo, akarudi na mashine ndani ya sanduku gumu mfano wa sanduku la fundi umeme. Tulimtania kwamba sasa pua imestaafu. Hakucheka. Alisema mashine haichoki na haina mafua, na kwamba alikuwa anaiheshimu.

Siku ninayotaka kuwaeleza, nilipanda gari la mradi kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Tulikuwa wanne: dereva, Bwana Pua, askari mmoja na mimi niliyenusa habari. Tulipoingia wilaya ya Ruangwa, kwenye kijiji ambacho sitakitaja, tulisimama kwenye kibanda cha mama mmoja wa makamo, mjane, Mmakua. Aliuza petroli kwa wenye pikipiki na kwa wakulima wenye mashine za kupulizia mikorosho. Kama wauzaji wote wa vijijini, mbele ya kibanda aliweka meza, na juu ya meza chupa moja ya plastiki nyeupe iliyojaa petroli, ili anayepita aone kwamba hapa pana mafuta. Bwana Pua akamwamkia, akauliza pipa liko wapi.

"Tupu, mwanangu. Wa mwisho kachukua jana. Nnangoja gari la Ijumaa niende tena Nachingwea."

"Na hii iliyopo mezani?"

"Hiyo siuzi. Hiyo ya kuonyesha watu. Toka wakati wa kupulizia mikorosho ipo hapo hapo."

Askari akacheka. "Kila mwenye mali mbaya husema hii siuzi." Bwana Pua akafikiri kidogo, kisha akasema jambo ambalo mimi mwenyewe niliona lina akili: kituoni sampuli huchukuliwa kwenye bomba, pale mteja anapopokelea, na hapa hakuna bomba ila hiyo chupa. Akaifungua. Kwa mazoea ya miaka mingi akadondosha kiganjani, akasugua, akanusa. Nilimwona usoni akitulia, maana pua ilisema mafuta mazima. Akamimina kidogo kwenye kichupa cha kioo, akafunga kifuniko cha mashine, akabonyeza. Uso ukabadilika. Akafuta kioo, akarudia. Akarudia tena mara ya tatu. Wakati huo watu walishajaa, pikipiki zimezimwa, akina mama wameshusha ndoo chini. Mashine ilisema chini ya mstari, tena chini sana.

"Mama," alisema, "mafuta haya yamechanganywa."

"Mimi?" Yule mama alimtazama kwa muda. "Mwanangu, si wewe uliyekuwa unanijazia madumu pale kituoni? Miaka yote? Nanunua pale pale ulipokuwepo wewe. Nusa basi. Wewe si unajua kunusa?"

Alijaza fomu, akasaini, akamimina mafuta yaliyobaki kwenye chupa ya kahawia ya serikali, akaifunga kwa lakiri. Askari akafunga kibanda. Mama akapandishwa nyuma ya gari akiwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili, na mtu mmoja kwenye kundi akapaza sauti: "Kumbe wewe ndiye unayetuulia pikipiki!" Nilikaa mbele naandika. Nasema ukweli, nilikuwa na furaha. Tulipofika Ruangwa nilikimbilia simu, nikasoma habari yangu neno kwa neno mpaka chumba cha habari Dar es Salaam, na jina lake kamili, la baba yake na la kijiji chake. Kesho yake ikachapwa, na redio ikaisoma katika magazeti ya asubuhi. Kichwa cha habari: Mwanamke anaswa na petroli iliyochakachuliwa. Aliachiwa kwa dhamana ya mwenyekiti wa kijiji, akapewa wiki mbili kabla ya kufika mahakamani, lakini jina lilishatangulia. Waliokuwa wakimwita mama fulani sasa walikuwa na jina jingine.

Bwana Pua hakufurahi hata kidogo. Tulikuwa tumekaa mgahawani Ruangwa, chai inapoa mbele yake, anakizungusha kiganja chake kama anatafuta kitu kilichopotea humo. Ghafla akaniuliza: "Hivi kwa nini walitupa chupa za kahawia?" Sikumwelewa. Akaeleza kwamba kwenye mafunzo aliuliza, kwa nini sampuli ziwekwe kwenye chupa za kahawia na si hizi nyeupe zinazopatikana kila duka, na mkufunzi akamjibu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Akaridhika na jibu hilo, akaandika kwenye daftari: ndivyo inavyotakiwa. "Dawa za hospitali nazo zinakuja kwenye chupa za kahawia," alisema polepole. "Zinafichwa jua. Yule mama kasema chupa ipo mezani toka wakati wa kupulizia mikorosho. Miezi hiyo yote juani. Kanga ukiiacha kwenye kamba miezi hiyo, rangi inabaki?" Akanitazama. "Kama jua limeila ile dawa, mafuta ni mazima na kinachosema uongo ni saini yangu."

Asubuhi iliyofuata alikwenda Nachingwea, kituo kile kile, akanunua petroli, akaipima mbele ya mkuu wa kituo cha polisi cha Ruangwa. Namba ilikuwa nzuri. Akajaza chupa mbili nyeupe zinazofanana. Moja ikafungiwa kwenye kabati la vielelezo, ya pili ikawekwa juu ya paa la banda la baiskeli la polisi, ambapo askari wa zamu alinung'unika kwamba amewekewa bomu kichwani. Kila siku saa saba angezipima zote mbili. Kama wazo lake ni sahihi, ya juani ingeshuka na ya kabatini isishuke. Lilikuwa jambo jepesi, alihitaji jua tu.

Siku hiyo hiyo mvua za kwanza zikaanza. Sijawahi kuchukia mvua kama wiki ile, na Mungu anisamehe, maana wakulima walikuwa wanaishangilia. Siku ya kwanza wingu, namba zinalingana. Siku ya pili manyunyu, namba zinalingana. Siku ya tatu na ya nne hivyo hivyo. Yule mama alitakiwa kuripoti polisi, akawa anakuja na kukaa kwenye benchi la nje, macho juu ya paa. Alituambia kwamba mwenye mashine ya kusaga kamrudishia muhogo wake bila kuusaga akisema hataki mali yake ichanganyikane na ya mama mwizi. "Kwangu imekaa jua la kiangazi chote," alisema, "hapa mnaipa siku nne za mvua." Bwana Pua alipigiwa simu na mkubwa wake kutoka mjini, akaipokea karibu nami kwa sababu hapakuwa na pengine penye mtandao.

"Umesaini au hujasaini?"

"Nimesaini, mzee."

"Sasa unapima nini tena? Ukitengua hiyo, kila tuliyemkamata atasema aliweka chupa juani. Rudi kazini."

"Mzee, nipe mpaka tarehe ya mahakama."

"Nakupa ushauri. Amri itakuja kwa barua." Simu ikakatwa.

Siku ya saba mawingu yalipasuka. Jua la kusini baada ya mvua ni kali, mnalijua. Saa saba namba ya chupa ya paani ilikuwa imeshuka kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwenye haraka angesema ni makosa ya mkono. Siku ya nane ikashuka tena. Ya kabatini haikutikisika. Siku ya kumi, kumi na moja, kumi na mbili, ya paani ikaendelea kuteremka, nasi tukawa watu wa kuhesabu vivuli. Zilipobaki siku mbili kufika mahakamani, alifunga kifuniko, akabonyeza, kisha akanigeuzia mashine nisome mwenyewe. Ilikuwa chini ya mstari. Ilikuwa petroli aliyoinunua yeye, iliyofungwa na yeye, ambayo haikuguswa na mtu, na kwa kipimo cha mashine ilikuwa imechakachuliwa. Alikaa chini kwenye kizingiti cha banda la baiskeli akaweka uso ndani ya mikono. Nilidhani ni furaha, kumbe alikuwa anawaza vijiji vingine alivyopita.

Aliandika maelezo ya kutengua saini yake, kesi ikaondolewa. Wengi wangeishia hapo. Yeye aliomba gari, akaturudisha wote kijijini, akasimama kwenye meza ile ile, akangoja mpaka watu wakajaa kama siku ile. "Aliyesema mbele yenu kwamba mama huyu kachanganya mafuta ni mimi," alisema. "Nimekosea. Nilichukua mafuta yaliyokaa juani, nikayapima kama yaliyotoka pipani. Mafuta yake yalikuwa mazima. Mwenye kumwita mwizi kuanzia leo, aniite mimi kwanza." Hakuna aliyepiga makofi. Mama alifungua kibanda chake, akatoa kiti, akamwambia akae. Barua ya mkubwa ilikuja kweli, na mkataba wake haukuendelea. Alirudi kituoni Nachingwea, kwenye pampu, akiwa na mvi, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Na mimi? Nilipiga simu chumba cha habari siku hiyo hiyo. Mhariri alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kwa hiyo mama muuza mafuta hakufanya kosa? Hapo habari iko wapi?" Nikasema sawa. Ndivyo nilivyojibu, wasomaji wangu, sawa, kwa neno moja, na nikaendelea na habari ya korosho. Nilimwahidi Bwana Pua kwamba nitaiandika nikipata nafasi. Nikapata kazi Dar es Salaam, nikapata safu hii, ambayo kwa miaka yote imekuwa nafasi yangu mwenyewe bila kumwomba mhariri yeyote, nikaandika juu ya mashimo ya barabarani na bei za nauli. Ile ya pili umeandika? Bado, ndugu yangu.

Nilifika Nachingwea siku ya tatu ya msiba. Nimekaa kwenye jamvi na wanaume, turubai limefungwa kwenye mwembe wa jirani, akapita mama mmoja mzee, mgongo umepinda, kabeba kapu la unga wa muhogo kichwani, anaelekea ndani kwa wanawake. Jamaa aliyekaa kando yangu, mtu wa heshima zake, akaniinamia kunipa habari. "Unamwona yule? Yule ndiye aliyekuwa anachakachua mafuta zamani huko Ruangwa. Aliandikwa mpaka gazetini." Alisema bila chuki, kama unavyomwonyesha mgeni nyumba ya mtu maarufu. Nilisikia masikio yakiwaka moto. Watu waliosimama mezani siku ile wamezeeka, wamehama, wengine wamekufa, na maneno ya Bwana Pua yameondoka nao. Yangu yalikuwa bado yanatembea, mazima, bila kufifia.

Nilimsubiri atoke. Nikajitambulisha, nikamwambia mimi ndiye niliyemwandika. Alinitazama kwa namna ile ile alivyomtazama marehemu siku ya kipimo. "Nakujua," alisema. "Ulikaa mbele ya gari." Nikamwambia nataka kuandika upya, kwa jina lake, gazeti zima lione. Akatikisa kichwa. "Jina langu usiliandike tena, baba. Ulishaliandika. Wewe andika mafuta yalikuwa mazima." Akaweka kapu lake tupu kichwani, akaondoka.

Nimeishi kwa kuwapima watu kwa maneno, na nimewapima wengi kwa chupa niliyoikuta mezani, kwa sababu ilikuwa karibu na nilikuwa na haraka. Mtu niliyemzika kwa mawazo nikiwa kwa fundi viatu alikosea mara moja mbele ya kijiji, akarudi mbele ya kijiji hicho hicho kusema amekosea, na ikamgharimu kazi. Mimi nilikosea mbele ya nchi nzima, na kurudi kungenigharimu aya chache. Najua sasa kwamba mtu anayesahihisha kosa lake mahali pengine mbali na pale alipolitendea, hajasahihisha. Mimi nililitendea gazetini. Basi hapa hapa gazetini nasema: mama yule hakuchanganya chochote, na mafuta yake yalikuwa mazima. Ile ya pili nimeiandika, ndugu yangu, na nimechelewa.